Lodi aliyepiga hodi nyumbani kwake

Swali la msomaji: "Nafundisha sanaa katika sekondari moja mkoani Morogoro. Nilipokuwa nawaonyesha wanafunzi picha za Turner, mchoraji wa Kiingereza, mmoja akauliza kwa nini nyingi zimeandikwa jina Petworth. Nikatafuta, nikaambiwa ni nyumba ya Lodi Egremont, 'mwenye ardhi, mwanasiasa na mfadhili wa sanaa'. Maneno hayo hayakunishibisha. Alikuwa nani hasa? Siasa yake ilikuwa ipi, maana sioni hata wizara moja aliyoshika? Na je, aliwapenda wasanii kweli, au alikuwa tajiri wa kutafuta sifa tu?"

Jibu: Mwalimu, ahsante. Umeuliza maswali matatu na la tatu ndilo gumu, basi nianze nalo kwa kisa kimoja.

Katika jumba la Petworth, kwenye mkoa wa Sussex kusini mwa Uingereza, Turner alipewa chumba cha kuchorea: maktaba ya zamani ya ghorofani, yenye dirisha kubwa lililoingiza mwanga mzuri. Akiwa ndani alijifungia, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia isipokuwa mwenye nyumba, ambaye Turner alimtambua kwa mwendo wake na namna yake ya kugonga mlango. Inasimuliwa kwamba siku moja mchongaji Francis Chantrey aliiga nyayo za mzee na kugonga kwake. Turner akafungua, akakuta amechezewa, na utani huo ukazunguka nyumba nzima. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya kumcheka Turner. Mimi hunigusa upande wa pili. Mwenye jumba lile, bwana wa maelfu ya ekari, alikuwa anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe na kungoja akaribishwe, na anayemkaribisha ni mtoto wa kinyozi wa London.

Huyo mpiga hodi ni George O'Brien Wyndham, eli wa tatu wa Egremont. Eli ni cheo cha katikati katika umwinyi wa Kiingereza, chini ya duki na juu ya baroni. Alizaliwa Desemba 1751, akafa Novemba 1837, akikaribia miaka 86. Baba yake alikuwa mmoja wa mawaziri wakubwa wa Mfalme George wa Tatu, na pia alikuwa mlafi. Alipokuwa mgonjwa alitania kwamba zimebaki karamu tatu tu za nyama ya kasa, na akizivuka hizo atakuwa hafi tena. Alikufa mwaka 1763, na mtoto wa miaka 11 akawa eli.

Alirithi nini? Petworth yenyewe ilitoka kwa ukoo wa Percy, ikapita kwa Duki wa Somerset, aliyelijenga upya jumba kuanzia 1688, halafu ikaingia kwa akina Wyndham kupitia bibi yake, binti wa duki huyo. Juu ya Petworth alikuwa na mashamba Yorkshire, Cumberland na Somerset. Mwaka 1774 mjomba wa upande wa ubabani, au niseme kwa usahihi wa Kiswahili, baba mdogo wake, alimwachia na ardhi kubwa Ireland, magharibi, nchi ambayo kijana huyu hakwenda kuishi. Hapa ndipo chemchemi ya yote utakayosoma chini. Kila sanamu aliyoinunua na kila chupa ya mvinyo aliyomiminiwa mgeni ilitokana na kodi ya wapangaji waliolima ardhi yake, wengine hawajapata kumwona uso.

Kwa haki yake, hakuwa mwinyi wa kukaa kibarazani akingoja kodi. Kilimo kilikuwa kichwani mwake usiku na mchana. Alikausha maji kwenye sehemu ya mbuga yake iliyokuwa vichaka na matope, akaifanya shamba la mfano. Alifuga ng'ombe, kondoo na nguruwe wa mbegu bora, na Serikali ilipounda Bodi ya Kilimo mwaka 1793 alikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Alichimbisha mfereji wa Mto Rother kwa fedha zake ili mazao na chokaa vipite kwa mashua, ukafunguliwa miaka ya 1790. Akafuga pia farasi wa mbio. Mashindano ya Derby, ambayo ndiyo makubwa kuliko yote Uingereza, farasi wake waliyashinda mara tano: 1782, 1804, 1805, 1807 na 1826.

Sasa siasa. Umesema huoni wizara; huoni kwa sababu haikuwapo. Lakini usipime siasa ya karne ya 18 ya Uingereza kwa wizara. Mtu wa cheo chake hakupigiwa kura. Alizaliwa na kiti katika Nyumba ya Malodi, baraza la juu la Bunge, akakikalia kuanzia alipotimiza umri hadi kufa, zaidi ya miaka 60. Ujanani alitembea na watu wa chama cha Whig, wale waliopenda kumpunguzia mfalme makali, ila kwa hulka hakuwa mtu wa hotuba wala wa vikao vya usiku. Nguvu yake ilikuwa nyingine. Mwaka 1787 alinunua mji mdogo wa Midhurst, jirani na Petworth. Nasema alinunua, na namaanisha hivyo hivyo: katika miji ya namna ile haki ya kupiga kura ilifungamana na viwanja fulani, na mwenye viwanja ndiye aliyewatuma wabunge wawili London. Katika uchaguzi wa 1790 wadogo zake wawili wakaingia bungeni kupitia Midhurst. Tungekuwa sisi tungeiita kwa jina lake, rushwa, lakini kwa sheria za wakati ule ilikuwa mali halali kama ng'ombe, iliyouzika na kununulika, na yeye mwenyewe baadaye aliiuza. Uzeeni, kuanzia 1819 hadi 1835, alikuwa mwakilishi wa mfalme katika mkoa wa Sussex, cheo cha heshima chenye kazi ya kusimamia mahakimu na askari wa akiba. Ndiyo siasa yake yote. Kama hakuwa tajiri asingetajwa na mwanahistoria yeyote wa siasa.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine kabisa, na hapa waandishi wengi hupita haraka kwa haya. Mwaka 1780 alichumbia binti wa ukoo mkubwa, uchumba ukavunjika kwa kelele. Watu wa London walimsengenya kwamba ndiye baba halisi wa William Lamb, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu kwa jina la Lodi Melbourne. Ni umbeya wa siku nyingi, na umbeya hubaki umbeya. Lisilo umbeya ni kwamba aliishi miaka mingi Petworth na mwanamke aitwaye Elizabeth Ilive bila ndoa, wakazaa watoto kadhaa. Alimuoa mwaka 1801. Mtoto pekee waliyempata ndani ya ndoa, wa kike, alikufa mchanga, na kufikia 1803 mume na mke wameshatengana.

Elizabeth huyu anastahili sentensi zaidi ya anazopewa. Alikuwa na akili ya kisayansi. Alibuni wenzo wa kunyanyulia mizigo mizito, akatuzwa medali ya fedha na chama cha kuendeleza ufundi cha London. Na mwaka 1808 ni yeye, wala si mumewe, aliyemwagiza mchoraji William Blake picha ya Siku ya Hukumu, wakati ambapo Waingereza wengi walimwona Blake ni kichaa. Picha ipo Petworth mpaka leo. Baada ya Blake kufa katika ufukara, Egremont alinunua kwa mjane wake picha nyingine kwa gini 80. Kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi kuhusu ufadhili wa Petworth, usiwaambie ni wa mwanamume peke yake.

Watoto waliozaliwa kabla ya ndoa hawakuweza kurithi cheo. Egremont akaigawa mirathi kwa namna iliyowashangaza wenzake: cheo kilikwenda kwa mtoto wa mdogo wake, kama sheria ilivyotaka, lakini Petworth na utajiri wake akampa mwanawe mkubwa George, wa kabla ya ndoa. Eli wa nne akabaki na jina na sehemu ndogo ya mali, akafa 1845 bila mrithi, na cheo kikafa naye.

Nyumba isiyo na bibi wa kuiendesha, yenye watoto wengi na bwana asiyependa taratibu, ndiyo iliyowafaa wasanii. Waliokaa humo waliifananisha na gesti kubwa: unafika siku unayotaka, unaondoka bila kuaga, na mwenye nyumba unamwona akipita varandani amevaa kofia, mbwa nyuma yake. Mchoraji Benjamin Haydon, aliyefika 1826 akiwa na madeni hadi shingoni, aliandika katika shajara yake kwamba hata nzi wa Petworth walionekana kujua kwamba nao wana nafasi yao. Charles Leslie, mchoraji pia, alikuja na mke na watoto, mwaka baada ya mwaka. John Constable, mchoraji wa mandhari, alipokaribishwa mwaka 1834, aliwekewa gari la farasi kila siku ili azunguke vijijini achague pa kuchora. Kinachochekesha, au kuhuzunisha, ni kwamba Egremont hakuwahi kununua picha ya mandhari ya Constable hata moja. Alimlisha, akampa gari, akampa kitanda. Macho yake hayakumwona. Jicho lake halikuwa kamili, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujamwita mjuzi.

Alichokiona mapema, na wengine wakachelewa, ni kwamba wasanii wa Kiingereza waliokuwa hai walistahili kununuliwa. Malodi wenzake walikwenda Italia wakarudi na picha za mabingwa wa kale waliokufa zamani, baadhi yake feki. Baba yake mwenyewe alikusanya sanamu za Kigiriki na Kirumi. Mwana akaupanua ukumbi wa baba katika miaka ya 1820, akaziweka sanamu za Waingereza waliokuwa hai pembeni ya zile za kale, bega kwa bega. Kubwa zaidi ni ya John Flaxman, Malaika Mikaeli akimshinda Shetani, marumaru tupu, mkuki umeinuliwa. Ilikamilika 1826, mwaka aliokufa Flaxman.

Mchongaji mwingine, John Edward Carew kutoka Ireland, alimfanyia kazi miaka mingi kiasi cha kuacha karibu wateja wengine wote. Na hapa kuna upande wa pili wa ufadhili ule wa kirafiki: hawakuandikiana mikataba. Mzee alitoa alichoona kinafaa, lini alipoona inafaa. Alipokufa bila kumtaja Carew katika wosia, mchongaji akawashtaki wasimamizi wa mirathi akidai pauni 50,000, fedha za kutisha kwa wakati ule. Hesabu za nyumba zikaletwa, zikaonyesha alikuwa amelipwa mengi kuliko alivyokumbuka au alivyotaka kukumbuka. Kesi ikamshinda, akafilisika. Mimi sidhani Carew alikuwa mwongo mtupu. Mtu akikulisha, akakupa nyumba, akakuita rafiki kwa miaka 15, utajuaje ipi ilikuwa mshahara na ipi ilikuwa takrima?

Turner hakuanguka katika shimo hilo, kwa sababu Turner alikuwa na fedha zake. Nalisisitiza hili kwa wanafunzi wako. Egremont alinunua picha yake ya meli zikitia nanga, iliyoonyeshwa London mwaka 1802, mchoraji akiwa na miaka 27 na tayari ni mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Mahali pengine alinunua ambacho wengine walikicheka: mwaka 1830 wakosoaji walimkejeli Turner kwa picha ya mwanamke dirishani nyuma yake manjano matupu, wakasema ametoka kwenye chungu cha haradali. Egremont akaichukua akaipeleka nyumbani.

Ila picha zile za kununua si kiini cha Petworth. Kiini ni miaka ya 1827 hadi 1837, Turner alipokuja tena na tena, hasa baada ya baba yake kufa mwaka 1829. Mwaka 1827 alichora humo rangi za maji zaidi ya 100 kwenye vipande vidogo vya karatasi ya buluu: kitanda chenye mapazia mekundu, watu wakicheza biliadi, mwanamke akipiga piano, wachoraji wakifanya kazi kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna aliyeziagiza wala aliyezilipia, na hazikuonyeshwa popote akiwa hai. Alikuwa anajichorea. Mchoraji mwenye njaa hachori hivyo, na mchoraji anayesimamiwa na tajiri begani hachori hivyo pia.

Kisha kuna picha nne za chumba cha kulia, chumba chenye nakshi za mbao za mchongaji Grinling Gibbons, maua na ndege na ala za muziki vilivyochongwa hadi unataka kuvigusa. Egremont alitaka picha ndefu na nyembamba, za kuingizwa ukutani chini ya picha kubwa za mababu, ili waliokaa mezani wazione mbele ya macho. Turner akatoa mbili za ziwa la Petworth jua linapotua, moja ya mfereji wa Chichester, na moja ya pwani ya Brighton ikionyesha gati jipya la minyororo lililofunguliwa 1823.

Ziangalie tena hizo nne, Mwalimu, kwa jicho la mhasibu. Mbuga ni ya Egremont. Kwenye mfereji wa Chichester aliwekeza fedha nyingi, na zikapotea. Kwenye gati la Brighton alikuwa na hisa. Mzee alikaa kula chakula akitazama daftari lake la mali limegeuzwa kuwa mwanga wa machweo. Turner alijua hilo vizuri. Katika picha ya mfereji ameweka meli moja kubwa, imesimama kimya kwenye maji yaliyotulia kama kioo, hakuna anayepakia, hakuna anayepakua. Wengine huiona ni amani. Mimi huona pia mradi uliokosa wateja, umechorwa kwa upole na mgeni aliyekuwa akila mezani pa aliyepata hasara.

Kuhusu sifa, swali lako la mwisho, lazima tutoke nje ya jumba. Mwaka 1830 vibarua wa mashambani kusini mwa Uingereza waliinuka, wakachoma maghala na kuvunja mashine za kupura nafaka zilizowanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Sussex ilikuwa katikati ya moto huo, na njaa ilikuwa mlangoni pa Petworth. Egremont alijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni chakula. Mei 1834 aliandaa karamu ya maskini katika mbuga yake. Walioalikwa walikuwa kama 4,000. Charles Greville, mwandishi wa shajara aliyekuwapo, anaeleza meza zilizopangwa nusu duara mbele ya nyumba, mikate na puding'i zimerundikwa kama tufe za mizinga. Waliokosa tiketi wakajazana nje ya uzio. Mzee, aliyetoka kuugua, akashuka kutoka chumbani, akasema hawezi kuvumilia kuona watu wana njaa nje ya malango yake, akaagiza wafunguliwe. Inakadiriwa walikula watu 6,000.

Njia ya pili ilikuwa meli. Kati ya 1832 na 1837, yeye na Thomas Sockett, kasisi wa Petworth aliyewahi kuwafundisha wanawe, waliendesha mpango uliowasafirisha watu wapatao 1,800 kutoka Sussex na mikoa jirani kwenda Kanada ya Juu, ambayo leo ni Ontario. Walipanda meli Portsmouth. Kwa waliotoka parokia zilizokuwa ardhi yake, nauli aliilipa Egremont. Ikilinganishwa na mipango mingine ya wakati ule ilikuwa na ubinadamu: palikuwa na msimamizi melini, chakula cha kutosha, na barua za waliofika zilikusanywa na kuchapishwa ili wengine wajue wanakokwenda. Baadhi ya barua hizo zinafurahia ardhi na nyama. Nyingine zinasimulia kipindupindu na vifo. Nao mpango uliwapunguzia walipa kodi wa Sussex, Egremont akiwa wa kwanza wao, mzigo wa kulisha maskini kila mwaka. Yote mawili, ubinadamu na faida, ni kweli kwa pamoja. Mchoraji akija Petworth alifunguliwa chumba. Kibarua aliyekosa kazi alifunguliwa lango siku ya karamu, na kwa mengine akaonyeshwa bahari.

Basi kama unataka hukumu yangu: aliwapenda wasanii kweli. Mtafuta sifa hununua kwa ajili ya macho ya wageni, wala hakai akingoja mlangoni. Lakini alikuwa na uwezo wa kuwapenda kwa ukarimu ule kwa sababu wengine walikuwa wakilipa, na hilo halifutwi na nia yake njema.

Alipozikwa Novemba 1837, Turner, aliyekuwa na miaka 62, alitembea mbele ya jeneza akiongoza kundi la wachoraji. Jumba lilipewa shirika la hifadhi la National Trust mwaka 1947, na picha 20 za mafuta za Turner zilizokuwamo ziliingia mikononi mwa taifa mwaka 1984 kwa ajili ya kulipia kodi ya mirathi. Ni mali ya makumbusho ya Tate ya London, ila zinabaki zimetundikwa Petworth.

Darasani, waonyeshe picha mbili sambamba. Moja ni ile ya chumba cha kulia yenye ziwa na kulungu wanaopigana pembe, na watu wakicheza kriketi kwa mbali. Nyingine ni rasimu yake kubwa, iliyopo London, yenye mnara wa kanisa la Tillington kwenye upeo. Kwenye rasimu, upande mmoja wa nyasi, kuna mtu mdogo anatembea kuelekea nyumbani, na mbwa wanamkimbilia kumlaki. Huyo huchukuliwa kuwa ni Egremont. Katika picha iliyowekwa ukutani hayupo. Waulize wanafunzi wanadhani nani alimtoa.